Walinilipa Laki na Nusu Niwasifie, Kumbe Mama Mdogo Ndiye Aliyelipia

Najua mmezoea kuja hapa kusoma nani kaachana na nani na nani kahamia mjengo wa nani. Leo hakuna umbea wa mastaa, au upo kidogo tu. Leo najianika mwenyewe. Hii stori nimekaa nayo tangu mwaka jana na kila nikitaka kuiandika naona aibu, kwa sababu kwenye hii stori mimi siyo mtu mzuri.

Kabla hujaanza kuniuliza kwenye komenti, kampuni siitaji na staa simtaji. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 tunaijua wote, na mimi wakili sina. Soma tu utaelewa.

Basi bwana, mwaka jana mwezi wa saba nikapigiwa simu na kaka mmoja wa masoko wa kampuni fulani ya mikopo. Sauti tamu, Kiswahili cha ofisini. Akasema wanaandaa siku ya kurudisha kwa jamii huko Loliondo, watapanda miti na kukabidhi madawati, na wamesikia mimi ni mtoto wa kule. Ni kweli. Mimi nimezaliwa Oloipiri, wilaya ya Ngorongoro. Nilimaliza kidato cha nne nikaja Arusha kutafuta maisha, blogu nikajifunzia kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Akaniambia, "Dada, tutakupa usafiri, malazi, fulana, na laki na nusu. Wewe utupie posti tatu tu zenye maneno mazuri."

Laki na nusu jamani! Mimi ambaye kodi ya chumba Sakina ilikuwa inanikaba. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi.

Tukaondoka Arusha na magari mawili. Kwenye gari la mbele alikuwepo staa mmoja wa kike ambaye wote mnamfuata, mimi pia namfuata, na kwa kweli ni mcheshi kuliko anavyoonekana kwenye video. Tukalala Karatu, asubuhi tukapanda geti la Ngorongoro, tukateremka upande wa pili kwenye vumbi. Vumbi la kwetu ukilijua utalisamehe, yeye hakulisamehe. Nywele zake zilifika Oloipiri zikiwa na rangi nyingine.

Watu wa kwetu tumezoea misafara. Mwaka 2011 nilikuwa mtoto mdogo, nchi nzima ilipokuwa inakuja Samunge kwa Babu kunywa kikombe cha shilingi 500. Magari yalipanga foleni kilomita na kilomita. Kwa hiyo gari zuri likiingia kijijini watu hawakimbii, wanakaa chini ya mti wanasubiri kuona mgeni ana nini. Siku ile walikaa hivyohivyo.

Kulikuwa na bango kubwa, spika, droni, na miche 200. Madawati 40 mapya yamepangwa uwanjani. Meneja akahutubia kuhusu mazingira, uendelevu na kizazi kijacho. Staa akashika mche, akapigwa picha, akaushika tena upande wa pili kwa sababu jua lilikuwa baya. Mzee mmoja akanyoosha fimbo kuomba kuuliza swali. Akasema kwa Kimaasai, mwalimu akatafsiri, "Mzee anauliza, mtarudi lini kumwagilia?"

Watu wakacheka. Meneja naye akacheka. Mwezi wa saba kwetu ni kiangazi, wadau. Mvua ilikuwa imeshaondoka, na mtu yeyote mwenye mbuzi pale angeweza kuwaambia kwamba huo siyo mwezi wa kupanda mti. Lakini nadhani kalenda yao ilikuwa ya ofisini, ya mbingu hawakuiuliza.

Na mimi? Mimi nilipanda kwenye kile kilima ambacho mtandao unashika, nikaposti. Nikaandika, "Kampuni yenye moyo, inayogusa maisha ya mama wa kijijini." Hayo ni maneno yangu mwenyewe, hawakunipa karatasi ya kusoma. Hadi napanda kuteremka nilikuwa na laiki 214, kwa blogu yangu ile ni sherehe.

Magari yakageuza jioni. Mimi nikabaki niwasalimie watu wa nyumbani siku mbili tatu. Yeyo, yaani mama yangu, akafurahi. Nikamuuliza mbona mama mdogo sikumwona pale shuleni, maana huyu mwanamke hajawahi kukosa mkutano wenye spika. Yeyo akasema tu, "Nenda ukamsalimie."

Nikaenda. Nikamwinamishia kichwa kama tunavyofanya, akanigusa utosini. Lakini mkono ulikuwa mzito, na macho yake yalikuwa kifuani kwangu. Nilikuwa bado nimevaa fulana yao.

"Na wewe umeajiriwa na hawa?" akaniuliza.

"Hapana mama mdogo, nimewasindikiza tu kupiga picha."

Akaingia ndani, akatoka na kadi ya marejesho iliyokunjwa mara nne. Juu ya ile kadi kulikuwa na nembo ileile iliyokuwa kifuani kwangu. Hakutokea shuleni kwa sababu afisa mikopo alikuwepo. Alijificha. Mama mdogo wangu, mwenye umri wake, alijificha kwenye nyumba yake siku ambayo mimi napiga kelele mtandaoni kwamba wamemgusa maisha.

Sasa ngoja niwaambie hesabu yenyewe, maana hapa ndo pa muhimu.

Ukame wa mwaka 2022 uliwamaliza wafugaji wengi wa kaskazini, Longido, Simanjiro, kwetu pia. Na mwaka huohuo ndo eneo la kilomita za mraba 1,500 la Loliondo likawekewa mipaka kuwa pori la akiba, habari ambayo mliisikia na mimi siichimbi leo. Mama mdogo alibaki na ng'ombe watatu. Akaanza kuuza sukari, majani ya chai na unga pale nyumbani, na shanga siku za mnada. Biashara ikaenda. Akataka kuongeza mzigo. Akaja kijana na pikipiki, mpole kabisa, akamwambia kuna mkopo wa kinamama, laki tatu, hauna usumbufu.

Laki tatu haikufika mkononi. Ikakatwa ada ya fomu na kitu kinaitwa bima, akashika 270,000. Marejesho yalikuwa 35,000 kila wiki kwa wiki 12. Piga hesabu mwenyewe. Ni 420,000. Yaani ndani ya miezi mitatu alitakiwa kuongeza 150,000 juu ya ile aliyoishika.

Mama mdogo hajasoma, lakini hesabu anajua kuliko mimi. Kila wiki akilipa alikuwa anatunga shanga moja nyekundu kwenye uzi. Uzi aliotoa kunionyesha ulikuwa na shanga nane. Wiki ya tisa mtoto akaugua, akalazwa Wasso, hela ikaishia huko. Wiki ya kumi pia hakuwa nayo. Wakaja watu watatu. Wakamsomea karatasi aliyoiwekea dole gumba, kwamba dhamana ni ng'ombe. Wakamchukua mtamba, yule mwekundu aliyekuwa karibu kupandwa. Deni lililobaki lilikuwa 140,000. Mtamba wa namna ile mnadani huuzwi kwa hela hiyo hata siku mbaya. Chenji haikurudi. Akiuliza, anaambiwa kuna faini, kuna usafiri, kuna gharama.

Halafu akaniuliza lile swali ambalo bado linanifuata. "Wewe wamekulipa shilingi ngapi?"

Nikasema laki na nusu.

Akanyamaza. Mimi nikanyamaza. Sijui kama yeye alikuwa anawaza nilichokuwa nawaza, lakini 150,000 yangu na 150,000 yake zilikuwa zimekaa pale katikati yetu kama mgeni. Simaanishi ni noti zilezile. Lakini hela ya kunilipa mimi, ya dizeli, ya droni, ya staa na ya madawati inatoka wapi? Kampuni ya mikopo haina shamba wala kiwanda. Inachouza ni mkopo.

Ningependa kuwaambia kwamba nilifuta posti palepale. Sikufuta. Nilikaa nayo siku tatu, laiki zikafika 300 na kitu, nikawa naona aibu na raha kwa pamoja, sijui kama mnanielewa. Siku ya nne nikafuta. Hazikupita saa mbili yule kaka wa masoko akapiga. Mkataba unasema posti ikae siku 30. Nikamweleza habari ya mtamba, mwanzo hadi mwisho. Akasikiliza vizuri tu, siyo mtu mbaya. Kisha akasema, "Pole sana dada, ila mambo ya mikopo ni idara nyingine."

Idara nyingine. Nimelala na hayo maneno miezi na miezi. Kumbe ndani ya jengo moja kuna watu wanaopanda miti na watu wanaochukua mitamba, na hawajuani. Wale wa miti wana bango, sisi tunaowasifia tunaishia mlango wao. Mlango wa pili hakuna blogu inayoalikwa.

Nilianza kusoma, maana mimi nikiumizwa huwa nagugo. Nikakuta kwamba hata wakubwa duniani hili liliwachanganya. Yule mzee Muhammad Yunus wa Bangladesh alianza mwaka 1976 na dola 27 tu, akawakopesha watu 42 wa kijiji kimoja waliokuwa wamekabwa na wakopeshaji, na mwaka 2006 yeye na benki yake ya Grameen wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Mwaka 2010, India, jimbo la Andhra Pradesh, serikali ililazimika kuzibana kampuni za mikopo midogo baada ya wakopaji kujiua kwa madeni. Mkopo mdogo kwa mama maskini, wazo ni lilelile. Mahali pamoja ukapewa tuzo, mahali pengine ukaleta msiba. Tofauti ilikuwa kwenye masharti na namna ya kudai, na hayo huwezi kuyaona kwenye picha ya kukabidhi hundi ya mfano.

Kwetu hapa sheria ipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewaweka watoa huduma kwenye madaraja manne, na hao wanaokopesha bila kupokea amana wanatakiwa wawe na leseni ya Benki Kuu. Mwezi wa 11 mwaka 2024 Benki Kuu ikatoa orodha ya programu 69 za kukopesha mtandaoni zisizo na leseni. Sitini na tisa! Na wengi wetu tunaosoma hapa tuliwahi kuwa na moja kwenye simu, tusidanganyane. Hao wa kutuma meseji kwa namba zote za simu yako, hadi eksi wako anajua unadaiwa. Mtaani tumewapa jina lao, kausha damu. Mimi nilidhani kausha damu ni ya mjini. Kumbe inapanda pikipiki hadi Oloipiri.

Sisemi kila kampuni ya fedha ni mbaya, nisieleweke vibaya. NMB kwa miaka wamekuwa wakisema wanatenga asilimia 1 ya faida yao baada ya kodi kwa ajili ya jamii, na mabati na madawati na vitanda vyao mmeviona. Sawa, ni jambo jema. Mwaka 2022 hao hao waliuza hatifungani ya Jasiri kwa ajili ya kukopesha biashara za wanawake, wakapata zaidi ya bilioni 74. Mwaka 2023 CRDB wakauza Kijani Bond, walitaka bilioni 40 wakapata zaidi ya bilioni 171, hela ya kwenda kwenye miradi ya kutunza mazingira. Kilichonivutia hapo ni kwamba ahadi imewekwa kwenye hela yenyewe ya biashara, ile inayokopeshwa. Hapo unaweza kumbana mtu. Unaweza kumuuliza, zile bilioni umemkopesha nani, kwa riba gani, na amefikaje mwisho? Asilimia 1 tunapigia makofi. Ile 99 iliyobaki ndo inaishi na mama zetu wiki hadi wiki, na hilo ni swali la kampuni zote, kubwa na ndogo.

Mfano ninaoupenda zaidi uko kwa majirani. Kule Marsabit, Kenya, mwaka 2010 ilianzishwa bima ya mifugo inayotumia setilaiti. Mashine inaangalia kutoka juu majani yamekauka kiasi gani. Yakikauka kupita kiwango kilichokubaliwa, mfugaji analipwa, hakuna mtu wa kuja kuhesabu mizoga. Mwaka 2011 ukame ulipokuja watu wakalipwa kweli. Nayo ina kasoro, setilaiti inaweza kuona kijani kwa jirani wakati ng'ombe wako wanakufa, na wengi ada inawashinda. Lakini angalia hapo, wema wa kampuni na bidhaa ya kampuni ni kitu kimoja. Hakuna idara nyingine. Huwa nawaza, mwaka ule 2022 kama mama mdogo angekuwa na kitu cha namna hiyo, huenda yule kijana wa pikipiki angepita moja kwa moja.

Na mfano wa pili uko nyumbani kwa yeyo, chini ya kitanda. Ni sanduku la VICOBA lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa wanawake watatu tofauti. Hii kitu mizizi yake ni wanawake wa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991. Wanakutana kila wiki, wananunua hisa, wanakopeshana, na riba inarudi kwao wenyewe mwisho wa mzunguko. Mtoto akiugua kuna mfuko wa jamii. Wakati mama mdogo anakwenda kwa yule kijana, sanduku lilikuwa hatua chache kutoka kwake. Nilimuuliza kwa nini hakwenda huko. Akasema kule angepata laki moja tu, na alitaka mzigo mkubwa. Ukweli ndo huo. Mtu anakwenda kwa kausha damu kwa sababu ana ndoto kubwa kuliko sanduku, na mimi siwezi kumlaumu, hata mimi niliuza maneno yangu kwa sababu hiyohiyo.

Sasa mnataka kujua iliishaje. Ile laki na nusu nilimpa mama mdogo. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akapokea akaniambia, "Hii naiweka kwenye sanduku." Kampuni ikanidai nirudishe hela yao kwa sababu nimevunja mkataba, nikawarudishia kwa awamu mbili. Angalau mimi hawakunichaji riba. Mtamba haujarudi. Tulikwenda na yeyo kuuliza, tukaambiwa faili liko makao makuu. Bado tunafuatilia, na safari hii karatasi zote tumezipiga picha.

Mama mdogo sasa ni mwanachama wa VICOBA, ana uzi mpya wa shanga, ameniambia huu ni wa bluu.

Miche 200? Yeyo alinihesabia wiki iliyopita. Imebaki minne. Mmoja uko nyuma ya nyumba ya mwalimu, unaishi kwa maji ya kuoshea vyombo.

Na madawati yapo, imara kabisa. Mdogo wangu wa darasa la nne anakalia moja, mwanzo alikuwa anaandikia magotini. Nyuma ya dawati kuna nembo ya kampuni, kila siku anaegemea hiyo nembo. Nikimuuliza anasema dawati lao ni zuri. Na ni zuri kweli, siwezi kumwambia mtoto ainuke.

Kwa hiyo wadau, nimejiwekea sheria na naomba mniwajibishe. Kampuni yoyote ya fedha ikiniita kupiga picha za wema, naomba kwanza fomu ya mkopo niisome. Na wewe unayetaka kukopa, uliza maneno haya kwa sauti mbele ya mtu mwingine. Leseni ya Benki Kuu iko wapi? Nitashika shilingi ngapi mkononi, na nitarudisha jumla shilingi ngapi? Nikichelewa wiki moja nini kinatokea? Dhamana yangu ikiuzwa kwa zaidi ya deni, chenji ananipa nani? Akianza kukwambia usijali, mtu wangu, anza kujali.

Staa wetu naye nilimtumia hii stori kabla sijaiweka hapa. Ameiona, zile tiki mbili zimegeuka bluu. Hajajibu. Posti yake bado ipo, na simlaumu sana, mimi mwenyewe nilichukua siku nne.

Niambieni kwenye komenti, nyie mngefuta siku ya ngapi?